Fanksheni inafanya tofauti na maelezo yake? Fuatilia hivi kabla hujakesha

Jamani hii naiandika kwa ajili ya wenzangu mnaoandika programu hapa mjini, uwe Sinza, Kimara au Mbagala, maana naona tunamaliza usiku mzima na bando zima kwenye jambo lile lile moja, umesoma maelezo ya laibrari (yani programu za wengine unazozitumia ndani ya yako), umeita fanksheni (kipande chake kinachofanya kazi moja) kama yalivyosema, alafu jibu linalotoka sio lile. Hapo wengi wanaanza kubadilisha badilisha vitu bila mpangilio mpaka ikubali, na ikishakubali hawajui kwa nini imekubali, na hilo ndo linaniuma zaidi kwa sababu mwezi ujao inarudi kwa mteja.

Nianze na yaliyonikuta. Nilikuwa natengeneza mfumo mdogo wa duka la spea Kariakoo, kutunza wateja na kutoa ankara. Namba za simu zilikuwa zimeandikwa kila moja na staili yake, zingine zinaanza na +255, zingine na sifuri, nikataka ile +255 ya mbele itoke kwanza. Lugha ya programu niliyotumia, Python, ina fanksheni ya lstrip, inatoa vitu upande wa kushoto, nikaandika hivi:

namba.lstrip("+255")

Nikajaribu na namba yangu, ya mdogo wangu, ya fundi mmoja hivi, zote zikatoka safi, nikawakabidhi. Wiki mbili mbele dada mhasibu wa pale ananipigia, "Kaka, mbona namba za maofisini zote zimekatika?" Nafungua nakuta kweli, namba ya mezani ya mfano wa +255222000000 imebaki 000000 tu.

Sasa angalia kilichotokea. lstrip haitoi neno "+255" kama neno, inachukua hizo alama moja moja, yani jumlisha, 2 na 5, na inaendelea kula kila inayofanana na mojawapo mpaka ikutane na alama nyingine. Simu zetu za mkononi baada ya 255 inakuja 6 au 7, kwa hiyo inasimama pale pale unapotaka isimame na wewe unaamini imeelewa. Simu za mezani za Dar zinaanza na 22, kwa hiyo ikaendelea kula. Na ubaya wake ni kwamba huwezi kurudisha kwa hesabu, maana hujui zimeliwa 2 ngapi na 5 ngapi na kwa mpangilio gani, ilibidi turudi kwenye daftari la mapokezi tuingize upya moja moja. Maelezo ya Python yameandika wazi kabisa kwamba unachoweka kwenye mabano pale sio kiambishi, yani kipande kizima cha mbele, ni mkusanyiko wa herufi. Na tangu toleo la 3.9 lililotoka 2020 kuna removeprefix inayofanya kile nilichokitaka. Maelezo yalikuwa sahihi, laibrari ilikuwa sahihi, mimi nilisoma jina la fanksheni nikajaza mwenyewe yaliyobaki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ukikuta tofauti ni kujua nani anagombana na nani. Inaweza kuwa maelezo na kichwa chako, kama hapo juu. Inaweza kuwa maelezo ya toleo moja na laibrari ya toleo lingine. Inaweza kuwa laptopu yako na seva, yani ile kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo. Inaweza kuwa maelezo mawili, kila moja lina ukweli wake ila yakikutana yanaharibu. Na mara chache, chache kweli, ni maelezo kweli yamekosea au laibrari kweli ina hitilafu. Kila mmoja hapo ana dawa yake, ukichanganya ndo unakesha.

Anza kwa kuitenga. Usihangaike nayo ikiwa ndani ya mfumo wako wenye faili 40, fungua terminali (lile dirisha la kuandika amri), andika python3, au node kama unatumia JavaScript, au php -a kwa PHP, ita hiyo fanksheni peke yake na kitu kidogo kabisa ambacho jibu lake unaweza kulihesabu kwa vidole. Ikitoa jibu sahihi pale basi tatizo liko kwenye unachoipelekea, labda ulidhani unapeleka namba kumbe ni maandishi yanayofanana na namba, labda kuna nafasi tupu mwishoni mwa neno, hii ya nafasi tupu inatesa sana data zinazotoka Excel. Ikitoa jibu bovu hata pale, umeshapata mstari mmoja wa kukaa nao, na huo mstari utunze maana utautumia mpaka mwisho wa safari hii.

Ukiwa bado hapo, hakikisha unayoiita ndo ile unayodhani. Hili limewakuta wengi, mtu anajifunza namba za kubahatisha anaihifadhi faili yake kwa jina random.py, baadaye anaandika import random kuita laibrari ya Python yenye jina hilo hilo, na Python inachukua faili lake badala ya ile laibrari ya kweli, alafu anaambiwa fanksheni yake ya randint haipo wakati maelezo yanasema ipo. Andika print(random.__file__) uone njia inayotoka, kama inaonyesha folda yako ya kazi badilisha jina la faili lako. Dakika moja tu imeisha.

Alafu toleo. Hapa ndo nakuomba usiruke, kwa sababu nusu ya watu ninaowasaidia shida yao inaishia hapa. Andika pip show na jina la laibrari kwa Python, au npm ls kwa JavaScript, au composer show kwa PHP, uone namba ya toleo ulilonalo kwenye mashine, kisha nenda kwenye maelezo uangalie juu au pembeni yameandikwa toleo gani. Ukitafuta Google mara nyingi unaletewa ukurasa wa zamani kwa sababu ndo umeunganishwa na watu wengi zaidi, na majibu ya ChatGPT nayo yana tabia hiyo hiyo ya kukupa njia iliyokuwa sahihi zamani. Mfano mzuri ni pandas, laibrari ya Python ya majedwali ya data, masomo mengi ya YouTube yanakuonyesha df.append kuongeza mistari kwenye jedwali, unaandika unaambiwa hakuna kitu kama hicho, na ni kweli hakuna, waliiondoa kwenye toleo la 2.0 mwaka 2023, sasa unatumia pd.concat. Aliyekufundisha hakukudanganya, siku anarekodi ilikuwepo.

Kuhusu bando, kuna kitu watu hawakijui na kinasaidia sana kwa sisi tunaonunua data kwa siku. Maelezo ya Python unaweza kuyapakua yote kwa pamoja ukayaweka kwenye laptopu, na hata bila kuyapakua, help(str.lstrip) ndani ya terminali inakupa maelezo ya toleo lile lile lililopo kwenye mashine yako, sio la mtu mwingine. Ukitaka kuyasoma kwenye brauza andika python3 -m pydoc -b, inafungua ukurasa unaotoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, intaneti haiguswi. Kwa laibrari za nje hii ni nzuri zaidi, kwa sababu toleo la maelezo na toleo la programu vimekuja pamoja kwenye pakiti moja.

Ukishakuwa na maelezo sahihi, yasome taratibu. Namaanisha sentensi moja moja, na kila sentensi igeuze iwe jaribio. Wakisema inarudisha orodha mpya, chapisha ile ya zamani uone kama haijaguswa. Wakisema inarudisha nafasi ya neno, jaribu neno likiwa mwanzoni kabisa, hapa watu wa PHP mnanielewa, strpos ya kutafuta neno ndani ya maandishi ikikuta neno mwanzoni inarudisha 0, na ikikosa inarudisha false, sasa ukiandika if (strpos(...)) zote mbili zinaonekana hamna, na maelezo yake yameweka onyo kabisa kwamba tumia alama tatu za usawa (===). Sehemu za onyo na vidokezo vya chini ndo zenye dhahabu, ile aya ya juu inakuambia siku ya jua na ile ya chini inakuambia siku ya mvua ya mafuriko pale Jangwani.

Nikupe moja ya pesa kwa sababu hii inaleta ugomvi na wahasibu. round ya Python, ya kukadiria namba ziwe kamili. Unaandika round(22.5) unategemea 23, inakupa 22. Unaandika round(23.5) inakupa 24. Ukiwa unakokotoa VAT ya asilimia 18, bidhaa ya shilingi 125 VAT yake ni 22.5, kwa hiyo programu yako itasema 22 na Excel ya mhasibu itasema 23, PHP nayo itasema 23, na mwisho wa mwezi jumla hazilingani na wewe ndo unaonekana umeiba. Maelezo yanasema namba ikiwa katikati kabisa inapelekwa upande wa namba shufwa, yani 22, 24, 26, hivyo ndivyo Python 3 inavyofanya, ila Python 2 ilikuwa inapandisha, kwa hiyo hata ushauri wa zamani mtandaoni unapingana na mashine yako. Na kuna ya pili ndani yake, round(2.675, 2) inatoa 2.67, hapo sio shufwa wala nini, ni kwamba kompyuta haiwezi kuhifadhi 2.675 kamili, inachohifadhi ni kidogo chini yake. Pesa tumia Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kamili, uipe namba ikiwa kwenye alama za nukuu kama maandishi, na uiambie mwenyewe ROUND_HALF_UP, yani nusu ipande juu, ili wewe, mhasibu na risiti muwe kitu kimoja.

Sasa ile ya laptopu na seva. Wengi wetu tuna Windows mezani na Linux kwenye seva, na kuna fanksheni ambazo tabia yake inafuata mashine. Ukiita os.listdir au glob kupata faili za kwenye folda, maelezo ya listdir yanasema wazi mpangilio hauna ahadi yoyote. Lakini kwenye Windows mara nyingi unaziona zimekuja kwa alfabeti, unazoea, unajenga ankara zako juu ya huo mpangilio, ukipandisha kwenye seva zinakuja shaghalabaghala. Usione ni jambo dogo, mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba skripti za Python zilizokuwa zinatumiwa na wanakemia zilitoa majibu tofauti kutegemea mfumo wa kompyuta, sababu ni hiyo hiyo, mpangilio wa faili kutoka glob, na skripti hizo zilikuwa zimeshatumika kwenye tafiti nyingi zilizochapishwa. Dawa yake ni neno moja, sorted, yani zipange mwenyewe kwanza. Na open() ya kufungua faili nayo, usipotaja encoding="utf-8", yani namna herufi zilivyohifadhiwa, inaweza kufuata mpangilio wa mashine, Windows inasoma kivyake na Linux kivyake, majina yenye alama yanaharibika. Kila mahali ambapo maelezo yanasema inategemea mfumo, wewe andika mwenyewe unachotaka, usiiachie mashine ichague.

Wale wa lugha ya C kisa chao ni cha mwaka 2010. Maelezo ya memcpy, fanksheni ya kunakili data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yanasema siku zote sehemu unayonakili na unakopeleka zisiingiliane, ukitaka ziingiliane tumia memmove. Ila memcpy ya Linux ilikuwa inakubali tu kwa muda mrefu, watu wakazoea. Wanaoitunza wakaibadilisha ndani ili iende kasi, na watumiaji wa Fedora 14 (aina mojawapo ya Linux) wakaanza kusikia sauti za video za Flash, programu ya zamani ya kucheza video mtandaoni, zinakwaruza, kwa sababu Flash ilikuwa inategemea kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiahidi. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, aliingia kwenye mjadala ule akisema mtumiaji wa kawaida hajali maelezo yanasema nini, yeye anataka video yake icheze. Mimi nazielewa pande zote mbili kwa kweli, yake na ya walioibadilisha, lakini kwa wewe unayeandika juu ya laibrari ya mtu, kaa upande wa maelezo, maana siku wakibadilisha hawatakuuliza.

Hii inayofuata ndo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kwa hiyo nitaieleza polepole. Ni ile ya maelezo mawili. Nilikuwa na ujumbe wa kukumbusha wateja, unatakiwa utoke saa tatu kamili asubuhi kwa saa za hapa. Maelezo ya datetime ya Python, ya kutunza tarehe na saa, yanasema unaweza kuipa tzinfo, yani ukanda wa saa. Maelezo ya laibrari ya pytz yanasema pytz.timezone("Africa/Dar_es_Salaam") inakupa ukanda wa saa. Nikaunganisha, datetime(..., tzinfo=hiyo), kila kitu kinaonekana halali, hamna kosa lolote linalotokea, na ujumbe unatoka saa tatu na dakika 33. Kila siku dakika 33. Ingekuwa masaa matatu ningejua ni UTC, ile saa ya kimataifa, maana sisi tuko masaa matatu mbele, lakini 33?

Nilichofanya ndo hicho nilichokuambia juu, nikaitenga, mstari mmoja, nikachapisha tarehe peke yake. Ikatoka na +02:27 badala ya +03:00. Hapo ukapatikana mwanga. Hifadhidata ya saa za dunia inaitunza Dar es Salaam kama jina linaloelekeza Nairobi, na kila ukanda una historia yake, kabla ya saa rasmi kila mji ulifuata jua lake, na Nairobi ilikuwa masaa 2 na dakika 27 mbele ya Greenwich. Ukiingiza ukanda wa pytz moja kwa moja kwenye tzinfo haipati nafasi ya kuangalia tarehe yako ni ya mwaka gani, inashika rekodi ya kwanza kabisa, ile ya enzi za jua. Masaa matatu ya ukanda wetu kutoa masaa 2 na dakika 27 ndo dakika 33 zangu zile. Na maelezo ya pytz yameliandika hilo, kwamba kutumia tzinfo ya datetime hakufanyi kazi kwa kanda nyingi, tumia localize, fanksheni yake yenyewe. Ila liko kwenye maelezo ya pytz, halipo kwenye maelezo ya datetime, na mimi nilikuwa nimesoma kila upande kipande. Sasa hivi natumia zoneinfo, laibrari ya kanda za saa iliyokuja na Python 3.9, yenyewe inakubali kuwekwa kwenye tzinfo bila shida, ukiwa Windows uinstoli tzdata pia.

Kwa hiyo vitu viwili vikikutana, soma maelezo ya pande zote mbili, na tafuta upande mmoja unasema nini kuhusu mwenzake.

Ukifika hapa na bado haieleweki, ifungue programu yenyewe ya laibrari. Watu wanaogopa hii na hamna cha kuogopa, ni maandishi kama yako. Kwenye VS Code, kama ndo unayoandikia programu, weka kishale juu ya jina la fanksheni bonyeza F12, au kwenye Python tumia inspect.getsource, au ingia tu kwenye site-packages au node_modules, folda zinazotunza laibrari ulizoinstoli, ukatafute. Zile zilizoandikwa kwa C ndani, kama round, getsource itakataa, hizo unazipata kwenye hazina ya GitHub, tovuti ambako programu nyingi za wazi zinatunzwa. Huna haja ya kuelewa faili zima, tafuta mstari unaorudisha jibu na urudi nyuma taratibu. Na ukifungua hazina angalia na majaribio yao, kwenye folda ya tests, mara nyingi utakuta kisa chako kimeandikwa pale na jibu wanalolitegemea wao, hilo ndo linakuambia kama walikusudia au iliwaponyoka.

Na ndiyo, inawaponyoka. Lugha ya Java ilikuwa na fanksheni ya binarySearch ndani ya Arrays, ya kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa, iliyokaa takriban miaka 9 ikiwa na kosa, ilikuwa inajumlisha mwanzo na mwisho alafu inagawa kwa 2 kupata katikati, na jumla ikipita 2,147,483,647 inageuka kuwa hasi na programu inaanguka. Inahitaji safu yenye vitu zaidi ya bilioni ndo maana hakuna aliyeiona mapema. Joshua Bloch aliyeiandika alilitangaza mwenyewe mwaka 2006. Kwa hiyo ukiwa umepita hatua zote hizi na ushahidi unao, usijidharau kwa sababu wao wako Marekani na wewe uko Tandale, mstari wako mmoja wa jaribio una uzito ule ule.

Ukiwa na uhakika, usiite tena ile fanksheni moja kwa moja sehemu 20 za mfumo wako. Tengeneza yako ndogo inayoizunguka, mfano toa_msimbo_wa_nchi(namba), ndani yake weka dawa, na kila mahali ita hiyo. Pembeni andika jaribio lenye kile kisa kilichokuuma, mimi kwenye lile la simu niliweka namba ya mkononi, ya mezani ya Dar, na iliyoanza na sifuri. Funga matoleo kwenye requirements.txt, faili linaloorodhesha laibrari za mfumo wako wa Python, ili seva isijipandishie yenyewe usiku. Na data ya mteja, kabla hujaisafisha, safu ya asili iache kama ilivyo, weka iliyosafishwa kwenye safu mpya, hili nalisema kwa uchungu wa lile daftari.

Alafu ripoti. Tafuta kwanza kama kuna mtu ameshaandika, kama yupo ongeza mstari wako na toleo lako chini yake. Kama hakuna, andika fupi: toleo la laibrari, toleo la lugha, mfumo wa kompyuta, ile sentensi ya maelezo uinakili kama ilivyo, mstari wako mmoja, jibu ulilopata, jibu ulilotegemea. Kiingereza chako hata kikiwa cha kuungaunga haijalishi, mstari unaokimbia wanauelewa wote. Na kama kosa liko kwenye maelezo tu, laibrari nyingi zinakubali urekebishe sentensi yenyewe na kuituma, kwa vijana wanaotafuta pa kuanzia kuchangia hapo ni pazuri kuliko popote. Ukishatuma, chukua namba ya ripoti uiandike kama komenti juu ya ile fanksheni yako ndogo, ili siku wakirekebisha, wewe au atakayekuja kukupokea kazi ajue ile dawa inaweza kutolewa.